Ampea Moja na Nusu Chumbani kwa Mama Mkwe

Jina la fundi ni kama yai: litunze miaka kumi, likikuponyoka mara moja basi, kaokote maganda. Selestine alilijua hilo vizuri. Kazi ya waya alijifunzia machimboni, akiwafungia wanaapolo, wale wachimbaji wadogo, taa za mashimoni na pampu za kuvuta maji, na alipochoka kumeza vumbi la mawe akarudi kwao Ushirombo kufunga sola. Watu walimsifu. Mapaa yaliyobeba kazi yake yalikuwa mengi, na kati ya yote hayo lililomnyima raha lilikuwa moja tu. Nalo, kwa balaa lake, lilikuwa la wakwe zake.

Ingekuwa nyumba ya mtu mwingine, angeenda, angerekebisha, wangecheka, yangeisha. Lakini ya Mzee Bartholomeo, baba mkwe, mtu aliyemtoa binti yake Vaileth shingo upande kwa sababu hakuona vipi mume ataishi kwa kufungafunga nyaya! Mzee yule alikuwa na starehe moja duniani, redio. Kwa mwaka mzima sola ya mkwewe iliiendesha redio hiyo bila kosa, pamoja na taa nne na pa kuchajia simu. Sasa ilikuwa wiki ya tatu taarifa ya habari inakatika kabla haijafika kwenye michezo.

Mzee hakupiga simu. Alituma maneno kwa Vaileth mwenyewe: "Mwambie mumeo nimempa mpaka Jumamosi. Jumapili tukitoka misani anakuja fundi Boaz wa Runzewe, aing'oe yote, afunge ya kwake."

Hebu fikiria. Boaz akishapanda juu ya paa la mkweo mchana kweupe, watu wakitoka kanisani, akateremsha kazi ya mikono yako, nani tena atakuita umfungie hata taa ya choo? Selestine hakula vizuri siku mbili.

Jumamosi asubuhi, manyunyu ya masika yakiendelea, alifika kwa wakwe na pikipiki yake. Alikuwa na koleo, bisibisi, na mita ya ampea, ile ya mshale, yenye sifuri katikati.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Vaileth hajambo?"

"Hajambo, ila siku hizi analala sana."

Mzee akaguna. Aliburuta kiti chake hadi kwenye betri, akakaa karibu kabisa, maana alitaka kuona kwa macho yake anavyodanganywa.

Selestine akachomoa kwanza nyaya za paneli, kisha za betri. Akaukata waya mwekundu unaotoka betrini, ncha moja akaifunga upande huu wa mita, ncha nyingine upande ule.

"Kwa nini unaukata waya mzima?" mzee akauliza. "Mita ya mwaka jana uliigusisha tu pale juu, ukasoma, ukaondoka."

"Ile ilikuwa ya volti, baba. Inakwambia betri imeshiba au ina njaa. Hii inakwambia nani anakula. Lazima umeme wote upite ndani yake. Ukiigusisha vile, inaungua hapo hapo. Mimi mwenyewe niliunguza moja machimboni, tajiri akanifukuza bila chai."

Mzee alipenda hiyo ya kufukuzwa bila chai. Alikaribia kutabasamu.

Selestine akarudisha nyaya za betri, za paneli akaziacha nje. Akamwomba mzee azime kila kitu. Mzee akazima taa zote anazozijua, akazima redio, akachomoa na simu yake. Hapo mshale ulipaswa kulala kwenye sifuri. Haukulala. Ulienda kushoto, upande wa kutoka, ukatulia kwenye ampea moja na nusu.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema mzee.

"Baba, wewe soma mshale. Mimi nazunguka nyuma, nafungua waya mmoja mmoja. Mshale ukirudi sifuri, niite."

Hapo mzee akasahau kwamba alikuja kuhukumu. Aliinama juu ya mita, mikono magotini. Selestine akafungua kisanduku cha nyaya chini ya paa, nyuma ya nyumba. Akalegeza waya wa sebuleni.

"Bado!" mzee akaita.

Waya wa chumba cha mbele, anakolala mzee mwenyewe, karibu na zizi, tangu walipoibiwa ng'ombe.

"Bado!"

Waya wa tatu.

"Sifuri! Mkwe, imelala sifuri kabisa!"

Selestine akaushika ule waya, akaufuata kwa macho. Ulikuwa unaingia chumba cha mama mkwe.

Sasa, kwetu mkwe haingii chumba cha mama mkwe. Hata nyumba ikiungua, atazima moto kupitia dirishani. Siku ya kufunga sola, Selestine alisimama nje akipiga kelele, "Mwekundu juu! Mweusi chini!" na Vaileth akiwa ndani na bisibisi ndiye aliyefunga taa na tundu la kuchajia. Kwa hiyo katika kazi zake zote, chumba hicho tu ndicho ambacho fundi hajawahi kukiona.

Akaligeuzia dirisha mgongo, kama adabu inavyotaka.

"Shikamoo, mama."

Ndani mtu akasogea dirishani. Kisha sauti ya Mama Anisia, ya chini sana: "Marahaba. Rudisha huo waya, mkwe."

Na nyuma ya sauti hiyo, wii, wii, wii. Vifaranga. Kwenye mji ule vifaranga walilia kila kona, hakuna mtu angewatilia maanani. Ila hawa walikuwa ndani.

"Mama, una taa gani humo?"

"Ya breki, ya pikipiki. Nimeiweka ndani ya boksi, wapate joto."

"Nani amekufungia?"

"Kwani mwaka jana nilikuwa nimefumba macho? Mwekundu juu, mweusi chini."

Selestine alitamani kucheka, akajiziba mdomo.

"Wako ishirini na wawili," alinong'ona mama. "Baridi hii bila taa hawafiki kesho, wale wa mwanzo walikufa wote. Na baba yenu alishasema kuku akilala ndani ya nyumba yake atachinjwa. Usinisemee, mkwe wangu."

"Huo waya ni wa wapi?" mzee akaita kutoka mbele.

Selestine akaurudisha waya mahali pake, akaukaza, akazunguka nyumba taratibu kuliko alivyowahi kutembea. Neno moja tu lingemsafisha. Mita ilikuwa shahidi, na kazi yake haikuwa na doa. Lakini amchongee mama mkwe, aliyemwamini kupitia dirishani?

"Ni kosa langu, baba. Kule nyuma nilifunga vibaya. Umeme unavuja."

"Unavuja."

"Ndiyo, baba."

"Mwaka mzima haukuvuja, umeanza wiki tatu hizi?"

Selestine akajifanya anakaza waya wa mita. Mzee akajiegemeza kwenye kiti. Hakuonekana kukasirika, alionekana kusikitika, na hilo lilimuumiza Selestine zaidi.

"Basi Boaz aje," alisema.

Mlango wa ndani ukafunguka. Mama Anisia akatoka na boksi la katoni kifuani, limefunikwa kanga, taa ameiacha inawaka chumbani. Selestine akatazama pembeni. Mama akaliweka boksi miguuni pa mumewe.

"Mkwe wako anasema uongo," alisema, "tena hajui kuusema. Umeme naula mimi."

Mzee akafunua kanga. Vifaranga wakamtazama.

"Kuku, Anisia? Ndani ya nyumba?"

"Haya, wachinje. Wachinje wote, halafu Vaileth akijifungua mwezi wa kumi na moja, utakwenda wewe kumtafutia supu ya mzazi."

Wii, wii, wakalia vifaranga.

"Vaileth yupi?" akauliza Selestine.

Mtu wa miaka sita ya ndoa, fundi wa kusoma mshale mdogo kama unywele, anauliza Vaileth yupi! Mama Anisia akajifunika mdomo kwa kiganja.

"Aliniapisha," alisema. "Kwa vile mimba mbili za mwanzo zilivyotoka, alitaka mwezi wa tatu upite kwanza, usije ukafurahi bure tena. Nisamehe. Nisingeweza kukaa kimya ukijipaka matope kwa ajili yangu."

Selestine akakaa chini pale pale, kwenye sakafu, machozi yakamtoka mbele ya wakwe zake na hakuona haya hata kidogo.

Mzee Bartholomeo alichukua kifaranga mmoja, akamweka kiganjani, akamtazama.

"Hiyo taa yao inakula ngapi?"

"Moja na nusu, baba."

"Na paneli, mawingu haya, inaleta ngapi?"

Selestine akafuta uso kwa kiwiko, akarudisha nyaya za paneli. Mshale ukasogea, ukavuka sifuri, ukasimama kulia, kwenye nusu tu.

"Inaleta mbili, baba. Wao wanakula moja na nusu, betri inabakiziwa nusu. Mama akiwazimia taa jua likitoka, wao watafika asubuhi. Redio ndiyo haitafika kwenye habari. Labda tuongeze paneli tukivuna mpunga."

Mzee akawaza. Nje ng'ombe walikuwa wanalia wapelekwe malishoni na hakuna aliyewajali.

"Nitazima redio," alisema. "Boaz akija kesho atakula ugali, ataangalia hii mita, atajifunza. Hakuna atakayegusa paa langu." Akalisogeza boksi kwa mguu, polepole, karibu na betri, mbali na upepo wa mlangoni. "Wewe nenda kwa mkeo. Na usimwambie kwamba mama yake amesema."

"Sitasema, baba."

Aliondoka ameacha koleo, bisibisi na kofia, na kabla hajafika barabara ya lami alikuwa ameshawaambia watu watatu kwamba atakuwa baba.