Nilijaza fomu ya bima ya dada yangu, sasa wakala ndiye anayefukuzwa kazi

Msimamizi wa ukurasa, ficha jina langu, maana hapa Machakos najulikana kwa mdomo. Nina miaka arobaini na tisa, nafundisha historia shule ya upili, na nimepigana kwa kalamu na madiwani, makasisi na wakubwa wa vyama vya ushirika. Nimezoea kuwa upande wenye haki. Leo siko upande huo, na hasira niliyo nayo sijui niitupie nani.

Dada yangu mkubwa, aliyenilea baada ya mama yetu kufa, ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaosuka vyondo, vile vikapu vya mkonge, huko Kola. Mwaka huu walialikwa Ujerumani kuonyesha kazi zao. Ubalozi ulitaka kila mmoja awe na bima ya safari kabla ya kupewa viza. Ukoo mzima huniletea mimi karatasi za Kiingereza, kuanzia hati za shamba hadi barua za hospitali, kwa hiyo niliitwa.

Wakala alikuwa binti wa jirani. Nitamwita Mwende, ingawa si jina lake. Alikaa sebuleni kwa dada asubuhi nzima akieleza. Kuna bima ya safari moja, na kuna ya mwaka mzima kwa anayesafiri mara kwa mara. Kuna inayolinda mizigo iliyopotea, ndege iliyochelewa na safari iliyofutwa. Halafu kuna ya matibabu, ambayo ndiyo ubalozi uliitaka: inalipa hospitali na kumrudisha mgonjwa nyumbani. Alirudia mara mbili kwamba hiyo ya matibabu haigusi ugonjwa uliokuwa nao kabla ya kusafiri, isipokuwa umeutaja kwenye fomu na kuongeza malipo. Nilimkatiza kila alipofungua mdomo. Nilimwambia nimesoma mikataba tangu yeye hajazaliwa.

Kisha akamuuliza dada kama ana presha au sukari. Dada alikuwa na presha kwa miaka minane. Lakini miezi michache kabla ya hapo aliombewa, akaacha dawa, akasimama mbele ya kanisa akashuhudia kwamba amepona. Watu walilia siku ile. Wengine waliokoka kwa sababu ya ushuhuda wake.

"Niko mzima," dada akasema. "Bwana aliniponya."

"Amina, mama," Mwende akajibu. "Lakini tuandike tu ulikuwa nayo. Kampuni haijui mambo ya kanisa."

Dada akanigeukia, machozi yanamlengalenga. Kuandika "Ndiyo" kwake kulikuwa ni kuufuta ushuhuda. Mimi siamini uponyaji wa namna ile, na nimewahi kuupinga hadharani. Lakini niliyaona yale machozi, na niliona pia binti mdogo anataka kunifundisha. Nikachukua kalamu, nikatia alama kwenye kisanduku cha "Hapana", nikampa dada atie sahihi. Mwende aliniambia polepole kwamba jambo hilo litakuja kutusumbua. Nikamwambia afunge faili.

Siku ya sita huko Ujerumani, kiharusi kilimwangusha dada kando ya meza ya vyondo. Madaktari walimuuliza mwenzake wa kikundi historia ya afya ya dada, naye akasema ukweli wote. Kampuni ikakataa kulipia hospitali, ikakataa kumrudisha. Alikuja baada ya mwezi mmoja kwenye kiti cha kawaida cha ndege, ameshikiliwa asianguke. Mkono na mguu wa kulia vimepooza, na daktari anasema bila mazoezi ya viungo ya kila wiki hatatembea tena. Gharama ya mazoezi hayo hatuiwezi.

Ukoo ukaniambia niandike. Nikaandika barua ya moto kwa mhariri wa gazeti, nakala kwa mkurugenzi wa kampuni. Niliwaita wanyonyaji wanaojificha nyuma ya herufi ndogo. Na katikati niliweka sentensi moja ambayo sasa inanila: kwamba wakala alijaza fomu bila kuuliza hali ya afya ya mteja. Alama haina mwandiko. Hakuna awezaye kujua ni mkono wa nani.

Hakuna barua yangu iliyowahi kufanya kazi kama hiyo. Mwende amesimamishwa kazi. Wakili ametuambia kwamba kosa likithibitika ni la wakala, kampuni italazimika kulipa. Kikao cha kampuni cha kuamua jambo hilo ni Ijumaa, na shahidi ni mimi.

Jumatatu Mwende alinifuata shuleni. Hakupiga kelele. Alisubiri walimu wengine waingie madarasani.

"Mwalimu, wewe ulikuwa hapo. Niliuliza ama sikuuliza?"

Nikamwambia tungoje Ijumaa.

"Mimi huambia wateja wangu, kama hujui hizi vitu, peleka kwa Mwalimu asome kwanza," akasema, akaenda zake.

Nilikwenda kwa dada nikamwambia nataka kusema ukweli. Anaongea kwa upande mmoja wa mdomo, lakini nilimsikia vizuri.

"Ukisema hivyo, umesema Mungu hakuniponya. Na hiyo mazoezi nitafanyiwa na nani?"

Kinachonikera zaidi ni kwamba kampuni haikunidanganya. Nimetafuta uongo wao katika ule mkataba kurasa zote, na sijauona. Kila kitu tuliambiwa, kwa Kiswahili, na binti mwenye subira kuliko mimi. Kwa miaka yote hii nimewatukana watu kwa makosa madogo kuliko hili.

Nikisema kweli, dada hatatembea, na kanisa litajua. Nikinyamaza, Mwende atakosa kazi na jina, na hakuna ofisi itakayomwajiri tena. Nishaurini, ila msinihurumie mimi. Chagueni wa kumhurumia kati ya wanawake hawa wawili, mniambie ni yupi, maana Ijumaa lazima nimtazame mmoja wao usoni nikisema.