Hodi kwa Gogo

Mpasua mbao wa ushirika wetu wa useremala, hapa Keko, haanzi kazi bila kugonga gogo mara tatu na kulitegea sikio. Gogo likinyamaza, anashika msumeno. Bi Mwanakombo, aliyekuja kuulizia kitanda chake, alimtazama wee, mwisho akashindwa kujizuia: "Ndugu fundi, unampigia nani hodi?" Akamjibu huku akinoa meno ya msumeno kwa tupa, "Hondohondo. Kule misituni Uluguru jike hujifungia ndani ya mti kulea makinda, mlango akauziba kwa udongo. Mie siku moja sikugonga." Akaendelea kunoa. Ijumaa Bi Mwanakombo alikuja kuchukua kitanda. Kabla hakijapakiwa kwenye mkokoteni, alikigonga mara tatu, akainama kusikiliza.