Mikebe Thelathini na Sita

Juzi binti yangu, aliye gredi ya nne, aliniwekea daftari mezani kabla hata sijavua viatu. Mwalimu wake alitaka kumi na sita mara ishirini na tano ifanywe kwa njia mbili. Ya kwanza walikuwa wamefunzwa darasani. Ya pili mtoto amwombe mtu wa nyumbani, kisha aandike chini yake imetoka kwa nani. Nilisimama pale na mkoba begani nikiitazama hiyo ishirini na tano, na hamu ya chai ikaniisha.

Sisi tuliosoma Kambi Muru, huko Kibera, hatukujua kwamba hesabu inaweza kuwa na njia mbili. Shule yetu ilikuwa ya mabati, na kati ya darasa na darasa palikuwa na ubao mwembamba tu. Sisi wa darasa la tano tukihangaika na kugawanya, wa darasa la pili walikuwa ng'ambo wakiimba mbili mara mbili nne kwa sauti za kutoboa masikio. Ikifika saa nne harufu ya uji ilipenya kotekote, na hapo hata mwalimu alianza kukosea.

Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa mtu nadhifu, mwenye koti moja la kahawia na kiboko kimoja kilichokaa dirishani. Aliamini mambo mawili. La kwanza, hesabu ni reli. Treni ilipopita nyuma ya shule mabati yakatetemeka, alinyamaza na chaki hewani, na ikishapita alituuliza kama kuna aliyewahi kuiona ikikata kona kupitia sokoni. La pili, kichwa cha hesabu mtu huzaliwa nacho. Wenye vichwa aliwakalisha mbele. Waliobaki alisema Mungu atawasaidia. Mimi nilikaa mbele, na majivuno yangu, wacha tu.

Deski moja nami alikaa msichana ambaye watu wake walitoka upande wa ziwa. Mama yake aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, huko Soweto West, kando ya reli. Kwetu sisi ni Machakos, na mama alinifungia muthokoi karibu kila siku, yale mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe mpaka yakalainika. Saa ya chakula tulimwaga vyote kwenye kifuniko kimoja, tukala kwa kijiko kimoja kwa zamu. Mpaka leo nikisikia harufu ya omena ikikaangwa na nyanya, nageuka kutazama ni nani amekaa kando yangu.

Yeye hesabu alizifanya kichwani. Mama yake alipima omena kwa mikebe, na mikebe miwili midogo ilijaza mmoja mkubwa. Siku moja nilikuwa nakwaruza kumi na nne mara hamsini, akaniambia niache kujitesa. "Cheki. Unganisha mbili mbili. Mikebe kumi na nne ya hamsini ni saba ya mia. Si hiyo umemaliza?" Nilicheka, nikamwambia hiyo ni hesabu ya sokoni.

Ukafika mtihani wa mwisho wa mwaka, mimi na yeye tukikimbizana kwa namba moja. Desturi ya kusahihisha bila shaka unaikumbuka: mwalimu anasema badilisheni, unampa jirani daftari lako, naye anakupa lake, kisha majibu yanasomwa na kila mmoja anatia tiki au kosa kwenye kazi ya mwenzake. Kila swali lilikuwa na alama tatu, moja ya jibu na mbili za njia. La mwisho lilikuwa thelathini na sita mara ishirini na tano. Mimi nililipanga vizuri, mstari chini ya mstari, nikasahau ile sufuri ya safu ya pili, nikapata mia mbili hamsini na mbili. Yeye niliiona midomo yake ikicheza: kumi na nane ya hamsini, tisa ya mia. Aliandika mia tisa, basi, bila kitu kingine.

Mwalimu aliposoma mia tisa, nilipiga hesabu haraka kuliko nilivyopiga siku hiyo nzima. Nikimpa tiki, amenipita. Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, huyu ana jibu lakini hana njia."

Kwa mwalimu yule, jibu bila njia lilikuwa jibu la kuibwa. Hakuuliza limeibwa wapi, ingawa jirani yake wa pekee nilikuwa mimi, na mimi nilikuwa na mia mbili hamsini na mbili. Alama zake zote tatu zilifutwa. Mimi mwenye jibu la makosa nikapewa mbili za njia, nikawa namba moja. Yeye alichapwa viboko vinne mikononi mbele ya darasa. Aliporudi kuketi alivipuliza viganja vyake, akaniambia polepole, "Si uliniona nikifanya?"

Niliitwa mbele kupokea zawadi, jometri mpya ndani ya mkebe wa bati, bikari yake bado ikinuka mafuta.

Nilijiambia nitamwomba msamaha Januari shule ikifunguliwa. Kisha watu wakapiga kura, matokeo yakasomwa, na Januari ikaja na moshi. Shule haikufunguliwa. Majirani waliokuwa wakiazimana chumvi wakaanza kuulizana majina, maana jina la mtu linasema kwao ni wapi. Asubuhi moja baba alipata mkokoteni, tukapakia godoro na sufuria, tukaondoka kwenda kwa shangazi Kawangware 46. Kwenye mfereji wa maji karibu na reli nilimwona yule msichana wa deski langu amesimama na mtungi wake wa njano. Naye akaniona. Jometri nilikuwa nimeishika, kwa sababu nilikataa isipakiwe na vyombo. Niliificha ndani ya sweta. Mama akanivuta mkono, tukapita, na sijamwona tena.

Kawangware nako hakukuwa na amani. Kwenye ploti ya shangazi milango miwili ilikuwa wazi na vyumba vitupu, na waliokuwa wakiishi humo, watu wa upande wa ziwa, hakuna aliyewataja. Mama alinikalisha kitandani. "Huku usitaje jina ya mtu wa Kibera. Hata rafiki yako. Umeskia?" Nilisikia.

Watoto tuliohama tulikusanywa kwenye kanisa la mabati, madarasa yote pamoja. Aliyetufundisha alikuwa dada mmoja aliyemaliza sekondari juzi tu, hana kiboko, hana vitabu, ana kipande cha ubao. Aliuliza swali ambalo sikuwahi kulisikia kwa mwalimu: "Kuna njia ingine?" Wiki nzima nilinyamaza, mimi namba moja, kwa kuwa nilijua reli moja tu na hata hiyo nilianguka. Siku moja akaandika ishirini na nane mara ishirini na tano. Kabla sijajizuia nilikuwa ubaoni naunganisha mikebe: kumi na nne ya hamsini, saba ya mia. Akapiga makofi, na watoto wakapiga pia. Akauliza nani alinifundisha.

Niliikumbuka ile milango miwili. "Hakuna," nikasema. "Ni mimi tu."

Hofu ilikuwepo, sitakudanganya. Lakini raha ya kupigiwa makofi nayo ilikuwepo, na mpaka leo sijui ni ipi kati ya hizo iliyosema. Dada yule akaandika juu ya ubao "njia ya" kisha jina langu, na likakaa hapo mpaka tukaondoka.

Nimewahi kurudi Kambi Muru. Palipokuwa shule pamepita barabara. Kando ya reli wanaouza omena ni wengine, na nilipoulizia mama fulani wa zamani na binti yake walinitazama kwa wasiwasi, wakaendelea kupima. Walimu wa siku hizi wanasema hesabu hakuna anayezaliwa nayo, na kwamba anayefika kwa njia yake mwenyewe ndiye ameelewa. Nawaamini. Kinachoniuma ni kwamba mwaka ule niliyaona hayo kwa macho yangu, kando yangu, na nikanyoosha mkono.

Basi nikavua viatu, nikaketi, nikamwonyesha binti yangu. Kumi na sita ya ishirini na tano. Nane ya hamsini. Nne ya mia. Akacheka kwa furaha, akasema kumbe mimi ni kichwa. Akachukua penseli akaanza kuandika chini yake kwamba imetoka kwa mama.

Nikamshika mkono. "Futa. Andika Akinyi."

Miaka yote hiyo sikuwa nimelitamka jina hilo mbele ya mtu.

"Akinyi ni nani?" akauliza.

Nilitaka kusema rafiki yangu, lakini neno hilo ni yeye ambaye angepaswa kuniruhusu nilitumie. "Ni mtu tulikaa deski moja," nikamwambia. "Nilimwona akifanya."