Mabakuli Mawili ya Makaroni

Nakumbuka asubuhi moja ya Idi ya kuchinja, mwanangu, na kila nikiikumbuka hasira hunipanda upya. Naanza kumkasirikia madamu wangu, nikitoka hapo naenda kwa wifi yake, mwisho narudi kwangu mwenyewe. Na kwangu ndiko zinakokaa.

Nyinyi kila sikukuu mnanijia, "Nyanya, tutengenezee makaroni baridi yale ya boga, si ni rahisi tu?" Ni rahisi, nani kakataa. Unachukua makaroni ya umbo la kipepeo, unayachemsha kwa chumvi, unayatoa kabla hayajalegea, unayamwagia maji baridi. Boga unalikata vipande vidogo, unalipaka mafuta na mdalasini kidogo, unalioka mpaka kingo zibadilike rangi. Kitunguu unakilaza kwenye ndimu. Juu unatia kotmiri na mbegu za komamanga. Mtoto anaweza. Lakini makaroni hayo yalinikosesha kumwona dada yangu, kwa hiyo leo mtayala mkiwa mmenisikiliza, hasa wewe Riziki, unayengoja viza na kutuimbia kila siku kwamba madamu wako atakupenda wiki ya kwanza.

Nilikuwa Riyadh, mtaa wa Al-Malqa, kwa Madamu Nouf. Wakala alikuwa ameniandika miaka thelathini na minane. Nilikuwa na arobaini na sita na mjukuu juu yake. Msiniambie basi kwamba ujinga ni wa wasichana. Mtu akikaa miaka miwili hajasifiwa hurudi utotoni, hata kama kichwa kina mvi.

Madamu Nouf hakuwa mtu mbaya. Hakunipiga, hakuninyima chakula. Ila mdomo wake ulikuwa mkavu. Unapiga deki mpaka unajiona meno sakafuni, yeye anapita, anasema, "Yalla, madirisha."

Makaroni yale yalikuwa yake. Aliyabuni mwenyewe, kwa ule msimu ambao joto linaanza kupungua na komamanga za Taif zinajaa sokoni, na miaka ile Idi ilikuwa ikiangukia hapo hapo. Ukoo mzima wa mumewe uliyangojea. Alinifundisha akiwa amefunga mlango wa jiko, akaniambia, "Saumu, hii ni ya meza yangu. Ya meza yangu tu." Nikamjibu, "Hadhir, madamu." Sawa, nimesikia. Kusikia ni kazi gani!

Dada yangu Mejumaa naye alikuwa Jeddah. Miaka miwili tuko nchi moja, hatujaonana, kila mmoja na kafili wake, yule tajiri aliyemwandikia viza. Tunasikizana kwa simu Ijumaa. Sasa mwaka ule Mama Munira, mkwe wake Madamu Nouf, alikuja Riyadh kula Idi, na sikukuu ikipita familia ilikuwa imrudishe kwake Jeddah. Nyumba yake na ya bosi wa Mejumaa ziko mtaa mmoja! Madamu akaniahidi, "Idi ikienda vizuri, utakuja nasi. Utamwona dada yako." Mejumaa kusikia hivyo akanishonea dera. Akawa ananipigia hata siku zisizo za Ijumaa. "Dada, zimebaki siku ngapi?"

Zilipobaki siku tatu kabla ya Idi, madamu akaniazima. Ndiyo, kuazimwa, kama sufuria. Alimpigia wifi yake, Madamu Hessa wa Al-Naseem, akamwambia anamletea Saumu wa kumsaidia usafi. Dereva, Gulamu, akanipakia garini na ndoo yangu. Hakuna aliyeniuliza.

Madamu Hessa alinipokea mlangoni, mwanangu. Akanivutia kiti. Akanimiminia chai kwa mkono wake! Msichana wake wa kazi, Njeri wa Nyeri, akaniangalia kwa jicho la pembeni, maana yeye hakuwahi kuvutiwa kiti pale hata siku moja. Ningeshtuka hapo. Sikushtuka.

"Saumu, habibti," Madamu Hessa akaanza, "watu wanasema Nouf hajui kukaanga hata yai. Ni mikono yako. Kweli?"

Nikainamisha uso kama bi harusi. "Ah, madamu, sisi tunasaidia tu."

"Na saladi yake ya Idi? Mimi nasema anatia siki."

"Mafi siki, siki hakuna!" Nikamkata kauli, mimi fundi. "Ni ndimu. Halafu shira ya komamanga, kijiko kimoja, mwisho kabisa, makaroni yakishapoa."

Wala sikuishia hapo. Nilisimama nikamwokea na boga aone. Njeri akanifinya kiuno tulipokuwa kwenye sinki.

"Mama Saumu, unaongea sana. Huyu hampi mtu chai bure."

"Wivu huo, Njeri."

"Haya basi. Mimi nimenyamaza."

Siku ya Idi watu wakajaa Al-Malqa. Bakuli la Madamu Nouf nililiweka katikati ya meza mwenyewe. Ndipo Madamu Hessa akaingia na lake, limefunikwa. Akalifunua. Vipepeo. Boga. Komamanga zimezungushwa duara, vile vile ninavyozizungusha mimi. Mabakuli mawili, mapacha.

Shangazi yao, Jawahir, akauliza kama wamenunua duka moja. Wakacheka wote isipokuwa Madamu Nouf. Madamu Hessa akaninyooshea kidole, nami nimesimama na birika la kahawa mkononi. "Mwulizeni Saumu. Yeye ndiye mwalimu. Nouf ana meza tu."

Jikoni madamu wangu hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Kwa Hessa unapapenda," akasema. "Basi sisi tukienda Jeddah, wewe utakaa kwake. Halas, yamekwisha."

Mama Munira aliingia kutafuta maji ya kumezea dawa, akanikuta nalia. Nikamshika mkono, kwa Kiarabu changu cha jikoni, nikamwomba aniombee. Akakaa kwenye kiti, akanywa maji yake yote kwanza.

"Nitamwambia, lakini hatasikia," akasema. "Nouf amekosa, hajui kumsifu mtu. Hessa amekosa, amekurubuni. Hayo watayajibu wao. Wewe ulikuwa na njaa ya neno zuri, ukalinunua kwa kitu cha mwenzio. Kwani kwenu hakuna chakula, Saumu?"

Kwetu hakuna chakula! Mimi, niliyeuza mahamri Ukunda miaka kumi na mbili! Ningempikia Hessa mahamri na mbaazi za nazi mpaka aombe poo, na sifa zingekuwa zangu, na Jeddah ningefika.

Siku nne walizokaa Jeddah nilisugua masufuria ya Al-Naseem. Kiti hakikuvutwa tena. Chai nilijichemshia. Njeri hakunicheka, alinipa kitambaa tu, akasema, "Kausha, mama." Na Mejumaa, ambaye simu zake sikuzipokea kwa aibu, alikaa dirishani na dera langu, akiangalia kila gari linalosimama kwa Mama Munira. Mkataba wake uliisha mwaka ule ule, akarudi nyumbani. Tulionana hapa Ukunda, miaka miwili baadaye. Dera lilikuwa limeshanibana.

Haya, Riziki, na wewe mwingine yeyote unayenisikiliza. Utaazimwa, sema hapana ukiweza, na usipoweza nenda na mdomo wako umefungwa. Ulichofundishwa na mtu mlango umefungwa, kiache ndani ya mlango huo, hata kama mwenyewe hana shukrani. Anayekuvutia kiti siku ya kwanza, mwangalie anavyomtendea aliyemkuta pale kabla yako. Ukitamani kusifiwa, na utatamani, toa cha kwenu, ulichotoka nacho mikononi.

Mungu akutangulie, mwanangu. Akupe madamu mwenye neno zuri, na akikunyima huyo, akupe Njeri, nawe umsikilize. Akurudishe ungali unaenea nguo ulizoshonewa na wanaokungoja. Sasa lete boga hilo nikuoneshe. Na ufunge mlango.