Kadi Aliyoisugua Albano

Albano alichonga vinyago vya mpingo pale Mwenge, Dar es Salaam, tangu alipokuja kutoka Newala akiwa kijana, mpaka kiharusi kilipomlegeza mkono wa kulia. Hospitali walimwanzishia mazoezi ya mkono, akaenda wiki chache, hela ikakata, akaacha. Tangu hapo akawa anashinda nyumbani Mbagala kwenye kiti cha plastiki, akimsubiri mkewe Editha arudi kutoka Tandika, anakouza nguo na midoli ya watoto ya mitumba.

Siku moja Editha alifungua belo la midoli akakuta kiboksi cha kadi zenye picha za mazimwi, za mchezo wa watoto wa Kijapani. Moja ilikuwa inameremeta kuliko nyingine. Mteja wake mmoja akaipiga picha na kumtumia Ismail, kijana wa Kunduchi anayekusanya kadi za namna hiyo. Ismail alipiga simu palepale.

"Mama, kama ni yenyewe, hiyo ni ya toleo la kwanza kabisa. Watu wanaitafuta dunia nzima. Itunzeni vizuri, Jumamosi nakuja."

Editha alirudi nyumbani anacheka peke yake. Jioni ile wakaongea mambo waliyokuwa wameacha kuyaongea: Albano kurudi kwenye mazoezi, pengine hata kushika tena patasi.

Kesho yake, mkewe akiwa sokoni, Albano aliichunguza ile kadi. Pembe mbili zilikuwa zimefumuka, na kingo zake zilikuwa na weupe wa kuchakaa. Maisha yake yote hakuwahi kumkabidhi mteja kitu chenye mikwaruzo. Kwa mkono wa kushoto, taratibu, akapitisha msasa laini pembeni, akapaka nta kidogo, akafuta kwa kitambaa. Ikang'aa. Tangu augue hakuwa amefurahi namna ile.

Jumamosi Ismail akaja na kioo cha kukuzia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, baba. Karibu ukae."

Ismail akasoma maandishi madogo ya chini, akaitafuta alama ya toleo, kisha akaimulika kwa tochi ya simu. Za bandia hupitisha mwanga. Hii haikupitisha.

"Ni yenyewe," akasema. Editha akajiziba mdomo.

Kisha Ismail akaisogeza dirishani, akapitisha kioo kwenye kingo.

"Nani kaisugua?"

"Mie," Albano akajibu. "Ilikuwa imechakaa pembeni, nikaiweka sawa."

"Mzee, hizi haziguswi. Ingebaki na uchakavu wake ingekuwa na thamani kubwa. Ikishasuguliwa, wakaguzi wanaozipima kadi hizi wanaikataa, na wanunuzi wa maana hawaitaki tena."

"Haiwezi kurudishwa?"

"Haiwezi."

"Si ulisema tuitunze?" Editha akauliza, bila ukali.

"Nilisema, mama. Nilitakiwa niseme msiiguse."

Ismail akaichukua kwa hela ya unga na mafuta ya taa, zaidi kwa kuwaonea huruma.

Editha amemwambia Albano mara nyingi kwamba hakuna anayemlaumu. Yeye huitikia tu, "Sawa." Vidole vya mkono wa kulia alivyokuwa akijaribu kuvikunjua kila asubuhi ameviacha, na sasa vimeanza kukakamaa. Wachongaji wenzake walimletea kipande cha mpingo awe anakishikashika. Kikakaa mlangoni pale walipokiweka. Masika yalipoanza Editha akakiingiza ndani, na Albano hakuuliza kimekwenda wapi.