Nyumba Iliyoinama Kanada

Mimi siamini kitu cha bure. Muuzaji akiniongezea nyanya moja bila kuombwa, nazigeuza zile nilizolipia nione ni ipi iliyooza. Kwa hiyo mdogo wangu, anayefundisha shule ya msingi huko Kanada, aliponitumia kwenye WhatsApp tovuti tatu za kufundishia watoto mabadiliko ya tabianchi, na chini yake akaandika, "Ni za bure, dada, chukua tu," swali langu la kwanza halikuhusu masomo. Nilimuuliza nani analipa. Akanitumia kile kikaragosi kinachocheka mpaka kinatoa machozi. Mimi sikucheka.

Nilikuwa na sababu ya kuzihitaji. Kenya nilifundisha jiografia miaka kumi na sita. Hapa Birmingham ninatunza wazee katika nyumba moja ya Sutton Coldfield. Ninawaosha, ninawalisha, nao wananiita darling kwa sababu jina langu linawashinda. Mahali pekee nilipobaki mwalimu ni ukumbi wa kanisa letu Nechells, kila Jumamosi saa nne asubuhi, ambapo nilikuwa nikiwafundisha Kiswahili watoto wa Wakenya na wa Wakongo. Watoto wenyewe wanaelewa kila kitu, hasa umbea, lakini ukiwauliza kwa Kiswahili wanakujibu kwa Kiingereza.

Mzee wa kanisa anayeshika funguo za ukumbi alikuwa amenipa muda hadi Pasaka. Watoto wakipungua chini ya wanane, au wakiendelea kukaa kama mabubu, ukumbi utapewa kwaya. Aliyasema hayo kwa upole, na upole wake ndio ulionitia shaka, maana kiongozi wa kwaya ni mkewe. Lakini nisijifiche nyuma ya kwaya. Darasa lile likifungwa, hakungekuwa na mtu hata mmoja Uingereza nzima wa kuniita mwalimu, na jambo hilo liliniogopesha kuliko nilivyotaka mtu ajue.

Basi nikaanza kuzipekua zile tovuti, kwenye treni ya kwenda kazini na dakika za mapumziko, kama askari anayepekua gari mpakani. Ya kwanza ilikuwa nzuri kupita kiasi. Watoto wanatabasamu, miti inatabasamu, hata dubu mweupe juu ya kipande chake cha barafu anatabasamu, na kila somo linamwambia mtoto azime taa na apande baiskeli. Nikateremka hadi chini kabisa ya ukurasa, mahali wasipofika watu wenye haraka, na pale, kwa maandishi madogo kama sisimizi, nikaona kwamba waliotoa fedha ni makampuni ya mafuta. Nilimpigia mdogo wangu nikamwambia, "Unaona?" Akakubali kwamba hata yeye hakuwa amelijua hilo. Nilifurahi siku nzima. Sasa naona furaha ile ndiyo iliyoniharibu, kwa sababu shaka ikipatia mara moja, hujiona nabii.

Ya pili ilitaka nijaze jina la shule, idadi ya wanafunzi na mwaka nilioanza kazi. Ya nini? Nikaifunga.

Ya tatu ilikuwa imetengenezwa na walimu wa kaskazini ya mbali ya Kanada, kule ambako miezi mingine jua halionekani. Ilikuwa na ramani ya moto wa misitu ambayo mtoto anaigusa na kuona moshi unakoelekea. Ilikuwa na video ya mwindaji mzee akieleza kwa lugha yake mwenyewe jinsi barafu ya ziwa inavyochelewa kushika siku hizi, na kwamba njia aliyofundishwa na baba yake hathubutu tena kumfundisha mwanawe. Nilitafuta funza ndani yake wiki mbili. Nilisoma waliolipa, walioandika, waliopiga picha, hata tarehe ya mwisho ya kurekebishwa kwa kurasa. Funza sikumwona, na kutomwona kulinikera.

Katika hiyo ya tatu kulikuwa na picha moja niliyoipenda kama mwalimu. Ni nyumba ya mbao, ya buluu, imeinama upande mmoja, na nusu ya uwanja wake imeporomoka bondeni. Maelezo yalisema kwamba kule chini ya nyumba kuna ardhi iliyoganda tangu enzi na enzi, na sasa joto limeanza kuifikia. Ile barafu ya ndani ikiyeyuka, kila kilichojengwa juu yake kinakosa pa kushika. Nilihangaika siku mbili kutafuta Kiswahili chake. Mwishowe nikaandika "ardhi iliyoganda" na kuridhika.

Jumamosi ya kwanza niliandika ubaoni neno tabianchi. Kijana mmoja wa Kikenya, mwenye mdomo, akauliza, "So Canada ina tabia mbaya?" Darasa zima likacheka, na mwenzake akajibu, "Ina tabia ya ku-melt." Niligeukia ubao wasinione uso. Zilikuwa sentensi mbili, zenye viraka, lakini zilikuwa za Kiswahili, na sikuwa nimezilazimisha.

Jumamosi iliyofuata nikaja na nakala za ile picha, nilizozichapisha maktaba. Mpango wangu ulikuwa kila mtoto aipeleke nyumbani, awaulize wazazi wanaita nini wanachokiona, kisha arudi na maneno. Nilitaka Kiswahili kianze kutembea kati ya jikoni zao na darasa langu.

Sasa, kulikuwa na mama mmoja Mkongo, anayefanya kazi ya kupakia vifurushi katika ghala moja hapo hapo Nechells. Binti yake wa miaka kumi na miwili ndiye alikuwa mwanafunzi wangu bora, na watoto wengine wa Kikongo walimfuata alikokwenda. Mama mwenyewe alikuwa akiketi nyuma ya ukumbi, na koti lake mwilini, bila kusema neno. Nilimshuku tangu mwanzo. Mtu anayekaa nyuma ya darasa bila kuvua koti ama anasikia baridi ama ni mkaguzi. Niliwahi kusikia kwamba baadhi ya akina mama wa Kikongo walitaka darasa lao wenyewe, wakidai Kiswahili changu ni cha redioni, nikaamua kwamba huyu ndiye waliyemtuma. Ushahidi sikuwa nao. Nilikuwa na koti tu.

Siku hiyo ya picha aliinuka, akaja hadi mezani, akachukua nakala moja na kuisogeza karibu na macho. Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, si kwa sauti kubwa, "Bulongo. Yote iyi ni bulongo."

Hapa lazima nieleze ujuzi wangu, maana ndio ulioniponza. Nilikuwa nimekaa na Wakongo vya kutosha kujua kwamba wao hutia b mbele ya maneno yetu. Ugali kwao ni bugali. Unga ni bunga. Na mimi natoka kwa watu wanaozibadilisha l na r bila haya, hata kwenye harusi na matanga, kwa hiyo herufi hizo mbili hazinisumbui. Nikatoa ile b, nikageuza ile l, nikapata urongo, yaani uongo. Hesabu ilichukua muda wa kupepesa jicho. Mama huyu, mbele ya darasa langu, anasema picha niliyoichunguza wiki mbili ni urongo mtupu.

Damu ilinipanda. Nilimwambia, watoto wote wakisikia, "Kama unaona ni urongo, mama, huna haja ya kumleta mtoto hapa adanganywe."

Alinitazama kama niliyemzaba kofi. Akaiweka picha mezani, uso chini, taratibu. Binti akaanza kusema kitu kwa Kiingereza, mama akamshika mkono, wakatoka. Nami nikaendelea na somo, tena kwa sauti ya juu kidogo.

Jumamosi iliyofuata hawakuja. Iliyofuata tena, watoto watatu wengine wa Kikongo hawakuja. Nilihesabu vichwa: sita. Dalili ya mvua ni mawingu, nikajiambia, mama yule anazunguka nyumba kwa nyumba akinimaliza. Nilimweleza mzee wa kanisa habari yote. Aliniuliza kama nimeongea na mama mwenyewe. Nikamjibu kwamba mambo mengine hayahitaji kuulizwa, yanaonekana. Alitoa kijitabu chake, akaandika sita, akakirudisha mfukoni.

Nilimchukia mama yule wiki hizo. Nilimchukia nikiwafunga wazee vifungo, nikamchukia pia mdogo wangu na Kanada yake. Nilizirudia kurasa za ile tovuti usiku na mchana nikitafuta kama kweli kuna uongo mahali, nikawa tayari hata kuupata, ili angalau mmoja wetu awe na haki.

Kisha Alhamisi moja nilipita duka la Mkongo mmoja karibu na kituo cha basi kununua nduma, zile ambazo wengine huziita majimbi. Zilikuwa zimejaa udongo. Nami, kwa kawaida yangu, nikamuuliza mwenye duka kama ananiuzia chakula au uzito. Hakukasirika. Akachukua moja, akaikwangua kwa ukucha, akasema, "Iyi ni bulongo tu, mama. Utasafisha na maji."

Niliinua kichwa kwa ukali. Nani mwongo? Lakini alikuwa amenyoosha kidole gumba, na juu ya kidole kile kulikuwa na udongo, mwekundu, wenye unyevu bado.

Nilimuuliza tena, polepole, hicho kinaitwaje. Bulongo, akasema. Nikamuuliza, na mtu akidanganya, mnasema amesema nini? "Bongo," akajibu, akinitazama kama mteja aliyechanganyikiwa kidogo. Nilisimama pale na mfuko wangu mkononi mpaka mtu wa nyuma akaniomba nipishe. Yule mama hakuwa amenipinga. Alikuwa amefanya kazi niliyowapa watoto. Aliitazama picha, akasema anachokiona kwa Kiswahili cha kwao: udongo. Na mimi, niliyeandika ardhi iliyoganda kwa madaha yote, sikuwa hata nimekumbuka kuliweka neno udongo kwenye karatasi.

Kesho yake nilitoka kazini mchana, nikaenda kwake moja kwa moja na sare yangu ya kazi. Mzee wa kanisa ndiye aliyenielekeza, na kwa heshima yake hakuuliza kwa nini. Mama alifungua mlango nusu. Nilisema yote pale pale mlangoni, kwa sababu nilijua nikikaribishwa kwanza nitaanza kutafuta maneno ya kujitetea. Nilimwambia nilisikia urongo. Nilimwambia nilimdhania mabaya kabla hata hajafungua mdomo, na kwamba nimeona haya.

"Wewe ulisikia bongo," akasema, kana kwamba analipima neno. Halafu akafungua mlango wote.

Binti alikuwa shuleni. Mama alinipa chai, akakaa mbele yangu, na safari hii hakuwa na koti, akaonekana mdogo kuliko nilivyomdhania. Nikamuuliza ni nini alichokiona kwenye ile picha. Lilikuwa swali langu la kwanza kwake tangu nimjue.

Akanieleza kwamba kwao walikaa juu ya mlima, nyumba juu ya nyumba, kwa sababu watu waliokimbia vita hujenga panapobaki. Miti ilikwisha kukatwa. Mvua nayo ikabadilika, ikawa inakuja kwa wakati usio wake na kwa nguvu isiyo yake. Siku moja mchana alikuwa sokoni, mvua ikapiga. Aliporudi hakukuta njia ya kupandia.

"Bulongo ilishuka na mulima," akasema. "Ilikamata nyumba. Mama yangu alikuwa mu ndani, anachagua maharagi. Tulichimba siku tatu na mikono."

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na nilijikasirikia kwa kulia katika nyumba ya mtu mwingine juu ya msiba wake. Aliniacha nimalize. Akasema binti yake hajui habari hiyo, kwamba amemwambia bibi alikufa kwa ugonjwa, na kwamba alipoiona ile picha pale kanisani alitaka kujua kama ni kwao au ni wapi. Nikamwambia ni Kanada, mbali sana kaskazini, mahali pa barafu. Alishangaa kwamba hata kwa wazungu udongo unashuka.

Kisha akauliza, "Ile nyumba ya ku picha. Kulikuwa mutu mu ndani?"

Nilifungua mdomo kumjibu, maana picha ile nilikuwa naijua. Nilimjua aliyeipiga na aliyeilipia. Nilijua ni ya darasa la ngapi na ruhusa ya kuinakili inasemaje. Miezi miwili nilikuwa nimeihoji kama mshitakiwa, na hilo sikuwa nimeliuliza.

"Sijui," nikamwambia.

Alikitoa kikombe changu mezani, akakisuuza, akakiweka kando ya chake. "Basi utafute, mwalimu," akasema. "Samedi, siku ya masomo, tutakuja kusikia."