Kuku wa Ukaguzi

Baba yangu alikuwa mkaguzi wa shule tangu enzi za Mwingereza, na uhuru ulipokuja akabaki na kazi yake, Land Rover yake na miwani yake. Sisi ni Wahindi tusiokula nyama kabisa. Sasa kamweleze hayo mwalimu mkuu wa Shelui ambaye ameshamkamatia mgeni wake kuku. Kumkataa ni kumdharau mwenyeji, kwa hiyo Baba alishukuru, akapanda gari, akatuletea kuku mzima mzima Singida mjini. Mama hakuweza kumchinja wala kuuza zawadi ya mtu, na shule nyingine nazo zikatoa wa kwao, basi kuku wakazidi kuongezeka, wakazeekea uani kwetu. Tuliwaita kwa majina ya shule. Shelui alikuwa mkorofi, Itigi alitagia jikoni, na Mkiwa, mweusi, aliyekatika kidole kimoja, alikuwa wangu.

Vijiji vya Ujamaa vilikuwa ndio kwanza vinaanza, na Wahindi wa mtaani kwetu walikuwa wanaondoka nyumba moja moja. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu. Kila siku nilimuuliza Baba, na sisi tunaondoka? Ananijibu, kula kwanza. Nikimgeukia Mama, kamuulize baba yako. Nilikuwa situlii, nafungua makabati kuangalia kama nguo zimepungua.

Kisha Baba akaanza kurudisha kuku. Akaanza na Shelui, wiki iliyofuata Itigi. Eti wamekuwa wengi. Miaka yote hiyo hakuwahi kuwaona wengi. Siku ya Mkiwa niling'ang'ania kwenda naye, kuku nimempakata.

Mwalimu mkuu wa Mkiwa, Mnyaturu wa makamo, aliitikia shikamoo yangu, akamtazama kuku, wala hakunyoosha mkono.

"Bwana Mkaguzi, kuku wa mgeni harudishwi. Anayemrudisha anaaga. Unaaga?"

Baba akavua miwani, akaifuta kwa shati.

"Naaga, mwalimu. Mwezi ujao."

Miezi miwili nimeuliza mimi, mwanawe, naambiwa nile. Huyu kauliza mara moja tu. Hasira zilinipanda hata machozi yakakataa kutoka.

"Haya mwanangu, nipe," mwalimu akasema kwa upole.

Nikampa mgongo, kuku anapapatika kifuani.

"Anayeaga ni yeye," nilisema. "Mimi sijaaga mtu."

Tulirudi naye mjini. Mwezi uliofuata tuliondoka, Mkiwa akabaki kwa jirani, na sikumuaga.